Sura Zisizo na Majina: Picha za Kale za Panda na Deni kwa Waliotangulia

Je, inaweza kusemwa kwamba mtu aliyekufa anakumbukwa, ikiwa sura yake imehifadhiwa katika picha na jina lake halijulikani tena na yeyote aliye hai? Swali hili ni la falsafa kwa sababu linahusu maana ya kukumbuka, na ni la dini kwa sababu linahusu hali ya wafu na wajibu wa walio hai kwao. Huzuka popote watu wanapokusanya picha za kale za majengo na barabara za kwao, lakini katika mji wa Likasi, mkoani Haut-Katanga nchini Kongo, na hasa Panda, huzuka kwa ukali wa pekee, kwa kuwa huko viwanda na nyumba vilipigwa picha kwa wingi, mengi ya majengo hayo yangali yamesimama, na watu wanaoonekana mbele yake kwa kawaida hawatajwi kwa majina.

Panda ni mojawapo ya komini nne, yaani maeneo ya utawala yanayounda mji wa Likasi. Nyingine ni Likasi yenyewe, Kikula na Shituru. Hadi 1966 mji wote uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyeongoza Société Générale de Belgique, benki iliyokuwa na mkono mkubwa katika Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa 1906. Kabla ya kampuni hiyo nchi ilikuwa ya Wasanga, waliochimba shaba, wakaiyeyusha na kuisubu katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha mbali sana na Katanga. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea hadi Kambove 1913. Kuanzia miaka ya 1920 Panda ilipata kiwanda cha kuchenjua madini, yaani cha kutenganisha shaba na mawe yasiyo na thamani, kisha matanuri ya kuyeyushia, na karakana ambazo hadi leo zinaitwa Ateliers Centraux de Panda. Shituru, iliyo jirani, ilipata mwaka 1929 kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme, na mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kuzalisha umeme wa kuviendesha viwanda hivyo. Kando ya viwanda zilijengwa kambi za wafanyakazi, nyumba zilizofanana zikipangwa mistari miwili miwili kwenye njia zilizonyooka, ili msimamizi asimame mwanzo wa njia na kuiona hadi mwisho wake.

Mnyooko huo ndio unaoonekana kwanza katika picha. Mpiga picha wa kampuni alisimama pale pale aliposimama msimamizi, na jicho la kamera likarithi jicho la ukaguzi. Bomba la moshi linapanda juu ya paa, reli inakatiza uwanja, nyumba zinapungua ukubwa kuelekea upeo wa macho, na mahali fulani, mara nyingi ukingoni mwa picha, wanasimama watu watatu au wanne waliowekwa hapo ili urefu wa jengo upimike. Wao ni kipimo cha ukuta. Hali hiyo haikutokana na ubaya wa mpiga picha mmoja, bali ilifuata kazi ambayo picha ilitakiwa kuifanya: kuwaonesha wenye hisa wa Brussels kwamba fedha zao zimegeuka matofali na chuma, na, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, kuuonesha ulimwengu kwamba koloni la Ubelgiji ni koloni la mfano.

Ulinganisho na Uingereza unasaidia kuiona tofauti. Francis Frith, aliyekuwa muumini wa madhehebu ya Quaker, alianzisha mnamo 1860 huko Reigate, katika kaunti ya Surrey, kampuni iliyopiga picha za miji na vijiji karibu vyote vya Uingereza na kuziuza kama kadi za posta. Vitabu vya picha za kale za kaunti, ambavyo Waingereza wanavipenda sana, hutegemea kwa kiasi kikubwa hazina za namna hiyo, na ndani yake barabara ya soko huja pamoja na jina la mchinja nyama aliyesimama mlangoni na jina la binti aliyemrithi. Ufafanuzi ni rahisi: mchinja nyama yule alikuwa pia mnunuzi wa kadi. Picha ilipigwa mbele yake, ikauzwa kwake, ikakaa katika nyumba ya wajukuu wake, na jina halikupata nafasi ya kupotea. Mfanyakazi wa Panda hakuinunua picha yake wala hakuiona, na pengine hakujua kwamba sura yake ilivuka bahari. Kwa hiyo picha mbili zinazofanana kwa mwanga na pembe, moja ya Surrey na moja ya Katanga, si ushahidi wa aina moja, kwa maana ya kwanza ilibaki mikononi mwa wanaomjua aliyemo, na ya pili ikatengwa nao tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo fikra za John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya na padri wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, zinapoweza kutumika. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza namna mbili za wakati. Sasa ni wakati ambao watu bado wanauishi na kuukumbuka wenyewe. Zamani ni bahari ya wakati ambamo matukio yote huzama hatimaye. Kwa maelezo yake, mtu anapokufa haondoki mara moja katika Sasa: maadamu wapo waliomjua na wanaomtaja kwa jina lake, yeye ni mfu aliye hai, mwenzi wa jamaa, anayetiliwa kinywaji chini na kutajwa kwenye shughuli za ukoo. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapoingia Zamani na kuwa mmoja wa pepo wasio na jina. Nadharia hiyo imepingwa na wengi, hasa kwa kudai kwamba wazo moja la wakati ni la Waafrika wote, na upinzani huo una haki. Hata hivyo, inagusa jambo ambalo Waluba na majirani zao wa Katanga hulitekeleza bila kuhitaji kitabu, yaani kumpa mtoto mchanga jina la aliyefariki ili jina lisikatike, na mtoto awe somo wa babu.

Mbiti hakuizingatia picha. Alidhani, na katika jamii alizozieleza ilikuwa kweli, kwamba sura na jina hupotea pamoja: anayesahauliwa jina husahauliwa uso. Kamera iliuvunja mfungamano huo. Mfanyakazi anayesimama mbele ya karakana ya Panda katika picha ya miaka ya 1930 hayumo katika Sasa, kwa sababu hakuna anayemtaja. Wala hajazama katika Zamani, kwa sababu uso wake ungali unatazama, mkunjo wa shati unaonekana, na hata kivuli chake kinaonesha ni saa ngapi za mchana. Yuko katika hali ya tatu ambayo mila haikuiandalia ibada. Haiwezekani kumtilia kinywaji mtu asiye na jina, na haiwezekani kumwacha apumzike kama wale waliokwisha kupita, kwa kuwa anaendelea kuchapwa, kuoneshwa ukutani na kuuzwa.

Namna jina lilivyopotea Panda inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu halikupotea kwa uchakavu wa miaka peke yake. Kampuni ilipata watu wake wa mwanzo kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, bonde la Luapula, Lomami, Kasai, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 Ruanda-Urundi pia. Aliyeandikishwa alipewa nambari ya kazi, ambayo Wakongomani wanaiita matrikule, na kwa nambari hiyo alilipwa, akatibiwa, akapewa posho, yaani mgawo wa chakula wa kila juma, na alipofariki akafutwa katika orodha. Vifo vilikuwa vingi katika kambi za mwanzo. Baadaye, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilibadili siasa yake, ikataka wafanyakazi wa kudumu wenye mikataba ya miaka mitatu, waliooa na kukaa na familia, ndipo zikaja shule, hospitali za kina mama na misheni za Wabenedikto chini ya Mgr Jean-Félix de Hemptinne. Lakini mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwarudisha makwao maelfu kabla mizizi haijashika. Majina ya waliojenga sehemu kubwa ya Panda inayoonekana katika picha za kwanza kwa hiyo hayako Panda. Kama yapo popote, yapo katika vinywa vya wajukuu huko Rwanda, Burundi, Zambia na Kasai, ambao hawana habari kwamba kuna picha.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kuepukwa, na linatoka kwa mtoto wa mji huu. Valentin-Yves Mudimbe, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Afrika, alizaliwa Jadotville tarehe 8 Desemba 1941, katika juma ambalo wafanyakazi Waafrika wa Union Minière walikuwa wamegoma wakidai mishahara. Siku iliyofuata askari waliufyatulia risasi umati wa wagomaji katika uwanja wa mpira huko Élisabethville, wakaua makumi ya watu. Katika kitabu chake The Invention of Africa cha 1988, Mudimbe alitumia dhana ya maktaba ya kikoloni, akimaanisha jumla ya maandishi, picha na taratibu za maarifa ambazo kwazo Afrika ilielezwa na wageni, na alionya kwamba hata anayeipinga maktaba hiyo mara nyingi huongea kwa maneno aliyoyaazima humo. Onyo lake linamgusa Placide Tempels, Mfransisko ambaye kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu kilichapishwa Élisabethville 1945, na aliyesema kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, inayoongezeka na kupungua, na kwamba wafu nao hushiriki nguvu hiyo. Linamgusa Mbiti vilevile. Na linaigusa hoja ya insha hii: kama jina la mfanyakazi litatafutwa katika daftari za matrikule, kadi za hospitali na vitabu vya ubatizo, je, atakuwa amekumbukwa yeye, au ameingizwa tena katika faili ya bwana wake?

Pingamizi hilo ni zito lakini halifungi mlango. Daftari ya kampuni ina jina lililoandikwa vibaya na karani asiyejua lugha, kijiji kilichopotoshwa, na pembeni jina la Kikristo lililoongezwa na misheni. Jina hilo peke yake ni ganda. Linapata uhai linapopelekwa kwa watu na mtu akasema: huyu ni baba mkubwa wa fulani, aliyependa kuimba, aliyehama nyumba kwa sababu ya ugomvi wa kisima. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa jirani. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Bogumil Jewsiewicki, walianzisha mnamo mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambamo wakazi walialikwa kuleta vyombo, nguo na masimulizi yao wenyewe, na historia ya mji ikaandikwa kutokana na yale yaliyokuwa ndani ya nyumba za watu. Maktaba ya kikoloni haikuchomwa. Iliwekwa mezani, na wenye kujua wakaisahihisha.

Jengo moja linaonesha jinsi usahihisho huo ulivyo wa lazima, nalo ni kituo cha reli cha Likasi. Katika picha za aina ya zamani kituo cha reli ni alama ya maendeleo: sakafu safi, behewa tayari, abiria wachache waliovaa vizuri. Njia ya reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilifunguliwa 1928, na kwa njia hiyo watu wengi wa Kasai waliletwa au walikuja Katanga kufanya kazi. Wakazaa watoto kambini, na watoto wakazaa wajukuu wasioijua Kasai ila kwa jina. Mwaka 1992 na 1993, siasa ya kuwabagua waliohesabiwa kuwa si wenyeji ilipowaka, familia hizo zilifukuzwa katika nyumba zao Likasi na kwingineko, na maelfu yao yalikimbilia kituoni, wakalala sakafuni na kandokando ya reli kwa wiki na miezi wakingoja treni, wengi wakifa kwa maradhi na njaa pale pale. Reli iliyowaleta mababu ndiyo iliyowachukua wajukuu. Anayeichapisha leo picha ya kale ya kituo hicho chini ya kichwa cha kusifu uzuri wa mji wa zamani, bila neno hata moja juu ya miaka hiyo miwili, hasemi uongo juu ya jengo, lakini anawanyima waliofia hapo hata ule mlango mdogo wa kukumbukwa ambao jengo lingewafungulia. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo imeeleweka tangu kale na walimu wa dini kwamba inaweza kuvunjwa kwa kunyamaza pia, pale mtu anapojua na kimya chake kikawa sehemu ya ushahidi.

Ni rahisi, baada ya kusema hayo, kuwalaumu wakazi wa Panda wanaozitazama picha za kampuni kwa hamu na kusema kwamba wakati ule ulikuwa mwema. Lawama hiyo si ya haki. Wafanyakazi wenyewe walisema kwamba Union Minière ni baba na mama, na hawakuwa wajinga: walijua baba huyo hupiga. Lakini alilisha pia, na baada ya kampuni kutaifishwa kuanzia 1967 na kuwa Gécamines, unga ulitoka, shule ilifunguliwa na hospitali ilikuwa na dawa. Kisha mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Dibwe dia Mwembu alikipa kitabu chake cha 2001 jina linalowataja kama wana wa Shaba, yaani Katanga, walioachwa na baba yao. Wanachokitamani wakazi hao katika picha ni ahadi: mtu akifanya kazi, mtoto wake atakula. Ahadi hiyo ilikuwa na masharti ya udhalili na iliwekwa na wageni kwa faida yao, lakini kuiona imevunjwa na kuilia ni jambo la akili timamu, na maadili yoyote yanayomtaka maskini aone aibu kwa machozi hayo yamekosea njia.

Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi 1978, amelishughulikia jambo hili kwa mkono kuliko wanafalsafa walivyolishughulikia kwa maneno. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alikata sura za wafanyakazi na za mabwana wao kutoka picha za kale nyeusi na nyeupe, akazibandika juu ya picha zake mwenyewe za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Watu waliokuwa kipimo cha ukuta sasa wanasimama mbele, wakubwa, na ukuta nyuma yao umebomoka. Kazi hiyo ina nguvu kwa sababu inawarudisha watu mahali palepale walipofanyia kazi, na inamlazimisha mtazamaji awaone pamoja na matokeo. Lakini haiwapi majina, na pengine sanaa haiwezi. Sura inayozunguka kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani imepata heshima, huku mwenyewe akibaki, kwa kipimo cha Mbiti, mtu ambaye hakuna anayemwita. Umbali huo kati ya mji na sura zake si mgeni kwa Likasi, kwani hata filamu ya 2016 kuhusu kuzingirwa kwa askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa hapo Jadotville, Septemba 1961, ilipigwa Afrika Kusini, na watazamaji wengi duniani wanaujua mji huu kwa milima isiyo yake.

Linabaki jibu ambalo Mkristo anaweza kulitoa, na Wakatoliki wa Panda, kama wenzao kila mahali, hulitamka kila tarehe 2 Novemba wanapowaombea marehemu wote: kwamba jina lililopotea kwa wanadamu halijapotea kwa Mungu, kwa hiyo asiye na jina pichani ana jina mahali pengine, na sala ya jumla humfikia. Hapo Kanisa na Mbiti wanaachana, kwani Zamani ya Mbiti haina anayehifadhi majina. Jibu hilo ni la faraja ya kweli, na kwa Mnyarwanda aliyefia kambini kabla ya 1930 bila mke wala mtoto, huenda ndilo jibu pekee. Lakini haliwezi kutumiwa kama ruhusa ya kutotafuta. Kwamba Mungu anajua njaa ya jirani hakumwondolei mwenye chakula wajibu wa kugawa. Vivyo hivyo, kwamba Mungu anajua jina hakumwondolei anayeweza kuuliza wajibu wa kuuliza.

Na kwa picha za miaka ya 1950 bado inawezekana kuuliza, ingawa kwa muda mfupi. Waliokuwa watoto katika kambi za Panda wakati huo sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini, na kwa hesabu ya Mbiti Sasa ya baba zao inamalizika pamoja nao. Picha nyingi zimehifadhiwa Ubelgiji, ikiwemo makumbusho ya Tervuren, nyingine katika hifadhi za Gécamines. Zingechapwa upya kwa ukubwa unaosomeka na macho ya uzeeni, zikapelekwa nyumba kwa nyumba, na kina mama wangeulizwa kwanza, kwa kuwa wanaume walijuana kazini kwa zamu na kwa kapita wao, yaani msimamizi wao, ilhali wanawake walijua nani alikaa nyumba ipi, alizaa na nani, na alikwenda wapi baada ya hapo. Jina litakalopatikana liandikwe kama linavyotamkwa na aliyelitoa, hata likiwa jina la utani; na pale mzee atakapoweza kusema tu kwamba huyu wa pili kutoka kushoto alikuwa jirani wa mama, maneno hayo yaandikwe chini ya picha, na nakala yake ipelekwe Tervuren ili maelezo ya huko nayo yabadilishwe.